Njia za Kuifikia Sayansi (Sehemu ya Pili): Vyuo vya Kati

Wiki iliyopita tulieleza njia inayojulikana na wengi: kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB, PCM au CBG, kisha chuo kikuu. Leo tuitazame njia ya vyuo vya kati, ambayo wazazi wengi wa Masasi na Newala huihesabu kuwa adhabu ya mtoto aliyekosa kidato cha tano. Dhana hiyo inatunyima wataalamu.

Historia ya hapahapa inatosha kutufundisha. Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka kwenye Uwanda wa Makonde. Watafiti Robinson na Lumsden waliandika kuihusu mwaka 1955, na mwaka uliofuata Ross akaeleza jinsi alivyotenga kirusi chake kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Ndiyo chikungunya, inayosumbua leo hadi Asia na Amerika ya Kusini. Uwandani maji ni ya shida. Watu waliyateka mabondeni na kuyahifadhi nyumbani, na mbu aina ya Aedes aegypti wakazaliana humohumo. Uchunguzi wa namna hiyo haufanywi na daktari peke yake. Yuko anayechukua damu, anayeiandika lebo sawasawa na kuitunza kwenye baridi, na anayepita nyumba kwa nyumba kutafuta viluwiluwi ndani ya mitungi. Siku hizi kazi hizo ni za mteknolojia wa maabara na afisa afya mazingira, na wengi wao walianzia chuo cha kati.

Tuje kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya 20,000. Bei mbaya na wakulima kuhamishiwa vijijini vilichangia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilishiriki kwa kiasi kikubwa kuwaonyesha wakulima jinsi salfa inavyouzuia. Mtafiti mwenye shahada ya uzamivu hupanga jaribio. Lakini asubuhi ya Julai, umande haujakauka, aliyesimama chini ya mkorosho akilishika shada moja moja la maua na kukadiria ni sehemu gani imefunikwa na ule unga mweupe, mara nyingi ni kijana mwenye stashahada ya kilimo. Akikadiria ovyo, jaribio zima limeharibika. Mimi naiita hiyo sayansi kamili.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwa kawaida mwanafunzi wa kidato cha nne huhitaji angalau D nne, bila kuhesabu masomo ya dini; kozi za afya hudai Kemia na Baiolojia, na mara nyingi Fizikia pia. Anaanza ngazi ya nne ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, anapanda ya tano, na ya sita ndiyo stashahada. Kwa jumla ni miaka mitatu. Akipata GPA ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada. Njia hii ni ndefu kuliko ya kidato cha sita, tusidanganyane, ila anayeipita anaweza kuajiriwa katikati ya safari, na akifika chuo kikuu mikono yake imeshazoea hadubini. Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET.

Kinachonitia wasiwasi zaidi hutokea mapema, mwisho wa kidato cha pili. Hapo mwanafunzi anaruhusiwa kuziacha Fizikia na Kemia. Katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia wala maabara, darasa karibu zima huziacha, na wazazi huja kujua baada ya matokeo ya kidato cha nne. Aliyeacha Kemia amejifungia PCB na stashahada ya maabara kwa pamoja. Wazazi, nendeni shuleni kabla fomu ya kuchagua masomo haijajazwa. Mwalimu akikosekana, kaeni na bodi ya shule mtafute wa kujitolea, kuliko kumwacha mtoto wa miaka kumi na tano aamue peke yake.

Wiki ijayo: VETA, na fundi wa pampu zinazopandisha maji uwandani.