Mwendo wa Ndege Kutoka Dar es Salaam Mpaka Jiddah

Ndugu wasomaji, vijana wetu wa Singida hutuuliza: Mwislamu atokaye hapa kwenda Hija, safari yake ni mwendo wa kiasi gani? Swali hili ni jema, maana katika jibu lake mna hisabu, na mna ibada pia.

Tuanze na nchi kavu. Kutoka Singida kwa njia ya Dodoma na Morogoro mpaka Dar es Salaam ni yapata kilomita 700, na basi huchukua siku nzima. Ajabu ni kwamba mwendo huo humwepusha msafiri na Makka. Kwa mstari ulionyooka, Singida ni kilomita 2,970 hivi kutoka Makka, na Dar es Salaam ni zaidi ya 3,100.

Sasa tupande ndege. Kiwanja cha Dar es Salaam kiko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, na kile cha Jiddah nyuzi 21 na nusu kaskazini yake. Vyote viwili viko karibu na mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 mashariki. Basi jumlisheni tu: nyuzi 28 na nusu, na kila moja ni kilomita 111. Jawabu ni yapata kilomita 3,160.

Ndege kubwa hukata kilomita 850 hivi kwa saa. Mkigawanya mtapata muda usiotimia saa nne. Lakini kupanda na kushuka huchukua nafasi, njia ya angani hupinda, na upepo huweza kuikawiza ndege. Kwa hiyo iendayo moja kwa moja ihesabiwe saa nne na nusu. Saa za nchi hizi mbili ni sawa: aondokaye saa tatu asubuhi atatua yapata saa saba na nusu mchana.

Faida ya hisabu hii ni nini? Ndege hukata kilomita 14 kila dakika. Mwenye kusinzia dakika kumi ameachwa kilomita 140. Na wanazuoni wengi wamesema kuwa Jiddah si miqati ya watu wa pande zetu. Yampasa hujaji atie nia ya ihramu kabla ndege haijalingana na Yalamlam, nayo hupitwa kabla ya kutua. Akipita bila ya nia, na asirudi, humlazimu kuchinja.

Mababu zetu waliosafiri kwa merikebu walikuwa na wasaa wa kuoga na kuvaa. Leo, mwanamume aliyefungia shuka zake katika sanduku lililopakiwa tumboni mwa ndege hawezi kuzifikia kabisa. Basi na avae kabla ya kupanda, kisha aangalie saa yake.

Enyi wazazi, wapigisheni watoto wenu hisabu hii nyumbani, wapate kumkumbusha babu au bibi siku ya safari. Wabillahi taufiki.