Muuguzi naye ana moyo

Tukisikia neno muuguzi tunafikiri sindano na dawa. Leo tuongee juu ya moyo wake.

Mwaka 2024 ugonjwa wa mpox, ambao wengi huuita ndui ya nyani, ulienea sana Kivu ya Kusini. Tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ni jambo la dharura kwa dunia nzima. Hapa jirani, hospitali ya Kavumu ilijaa wagonjwa, wengi wao watoto wadogo. Vitanda havikutosha; wengine walilala chini kwenye magodoro.

Ugonjwa huu huambukiza kwa kugusana, hata kwa nguo na mashuka. Mtoto analia, anataka kubebwa. Muuguzi anambeba akiwa na glavu na maski, na mtoto haoni hata tabasamu lake. Zamu ikiisha, anaogopa kurudi nyumbani: dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 21, naye ana watoto wake. Njiani, jirani anamkwepa.

Furaha nayo ipo. Wagonjwa wengi hupona ndani ya majuma mawili hadi manne, na mtoto anayetoka akicheka mgongoni mwa mama yake humpa muuguzi nguvu ya kurudi kesho. Lakini mtoto aliyefariki hasahauliki upesi. Mbele ya wagonjwa muuguzi huzuia machozi, na machozi hayo hutafuta njia nyingine: kukosa usingizi, hasira, kunyamaza wakati wa chakula. Hicho si kiburi.

Sisi jamaa tufanye nini? Mwaka 2011 Shirika hilohilo lilitoa mwongozo wa kumsaidia mtu aliyeumia moyoni. Unasema mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha.

Tazama: je, anakula? Analala? Sikiliza: usimdai habari za wagonjwa, hizo ni siri zao. Akitaka kusema, mwache amalize, wala usimwambie, "Si umekwisha kuzoea?" Unganisha: huzuni ikidumu majuma mengi, msindikize kwa mtu aliyefundishwa kazi ya kusikiliza.

Na jirani, msalimie. Anajua kunawa na kujikinga kuliko sisi.

Akirudi kutoka zamu ya usiku, watoto wachezee nje, bugali iwe tayari, na maji ya siku hiyo akateke mwingine.