Kubaguliwa ugenini kunavyoweza kuumiza akili

Wapo vijana wengi waliotoka Chamwino kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Oman na kwingineko. Wakati mwingine simu hupigwa nyumbani: "Huku hawanitaki, wananisema, wananifuatilia." Wengine husema amerogwa, wengine husema anadeka. Leo tueleze kile ambacho wataalamu wamegundua.

Saikosisi ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ashindwe kutofautisha yaliyopo na yasiyokuwepo. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwamba kuna watu wanapanga kumdhuru. Ugonjwa huu una matibabu.

Kwa nini wahamiaji?

Mwaka 1932 daktari Ørnulf Ødegaard alionyesha kuwa Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, walilazwa kwa skizofrenia takriban mara mbili ya wenzao waliobaki kwao. Ilidhaniwa kuwa wanaohama ndio tayari wana udhaifu huo. Lakini utafiti wa Jamaika wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa ugonjwa huo haukuwa mwingi kule nyumbani kama ulivyokuwa kwa Wajamaika wa Uingereza. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi kueleza.

Mwaka 2007 wataalamu wa jiji la The Hague, Uholanzi, walitoa matokeo ya miaka saba. Jamii za wageni zilizobaguliwa zaidi, hasa Wamoroko, ndizo zilizokuwa na wagonjwa wapya wengi zaidi. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa mgeni anayeishi mtaa wenye watu wengi wa kwao hatari yake ilikuwa ndogo kuliko ya yule anayeishi peke yake kati ya wengine.

Si kila anayebaguliwa ataugua. Urithi wa familia, bangi na mateso ya utotoni navyo huchangia. Lakini kudharauliwa kila siku, huku huna wa kumweleza, ni mzigo mzito kwa akili.

Ndugu afanye nini?

Mgonjwa akisema anabaguliwa, huenda ni kweli, huenda ni ugonjwa, na huenda ni vyote viwili. Usimwambie "acha upuuzi", maana ataacha kukueleza. Usimwambie pia "kweli wanakuwinda", maana hofu itazidi. Muulize taratibu: nini kilitokea? Unalala? Unakula? Uko na nani huko? Akiwa mbali, mtafutie ndugu au mtu wa kwao aliye karibu naye.

Akiwa nyumbani, mpeleke zahanati au kituo cha afya. Wakiona inafaa watampa rufaa, na sisi wa Dodoma tuna bahati: hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko hapa hapa mkoani. Akizungumzia kujiua au kumdhuru mtu, msisubiri kesho. Akianza dawa, asiziache bila kumwona mtaalamu, hata akijisikia amepona.

Na sisi pia tunapokea wageni. Tangu serikali ihamie Dodoma, mafundi, vibarua na wafanyabiashara wanaingia kila siku. Utani wa makabila ni mila yetu, lakini mtani hucheka pamoja nawe. Ukiona mgeni hacheki, acha utani, mkaribishe mkae.