Kikombe Chepesi Kimefika Kijijini: Bei Yake Inatoka Wapi?



Chukua pakiti ya vidonge iliyomo nyumbani mwako. Labda ni dawa ya malaria uliyopewa zahanati. Itazame vizuri. Upande mmoja ni karatasi nyembamba ya aluminiamu inayong'aa. Upande wa pili ni plastiki yenye vijumba vidogo. Kila kidonge kina kijumba chake. Ukibonyeza kijumba, kidonge kinatoka.

Sasa tazama kikombe cha mtindi kinachouzwa dukani. Tazama boksi jeupe la kubebea chipsi na samaki pale stendi. Tazama trei nyeusi yenye mashimo, ambayo wakulima wa nyanya wanapandia miche. Vitu hivi vyote ni ndugu. Vinatengenezwa kwa njia moja. Biashara yake imekua sana duniani, na sasa imefika hapa Mwanza, Magu, Sengerema na visiwani Ukerewe. Wewe unayeuza maziwa, samaki au miche unaihitaji biashara hii, nayo inakutoza fedha. Kwa hiyo ni vizuri uielewe.

KINATENGENEZWAJE?

Umewahi kuona mama anavyopika maandazi? Anasukuma donge la unga mpaka linakuwa bapa. Anachukua glasi, anakata miduara. Unga unaobaki kati ya miduara anaukusanya, anaukanda tena, anasukuma upya.

Kiwandani hufanywa karibu hivyo hivyo. Plastiki huja ikiwa punje ndogo kama punje za mtama. Punje huyeyushwa, kisha hubanwa kuwa bamba pana na jembamba. Bamba hilo hupashwa moto mpaka linakuwa laini, lakini haliyeyuki. Halafu huwekwa juu ya kalibu. Kalibu ni chombo kinachotoa umbo, kama ile ya kufyatulia matofali. Mashine hunyonya hewa iliyo chini ya bamba. Bamba linazama ndani ya kalibu na kushika umbo lake. Likipoa linakuwa gumu. Vikombe hukatwa, na mabaki yenye matundu husagwa na kutumika tena.

Njia hii si mpya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vifuniko vya chumba cha rubani vya ndege nyingi za kivita vilikuwa mabamba ya plastiki angavu yaliyopashwa moto na kupindwa. Baada ya vita, wenye viwanda wakaitumia njia hiyo kwa vyombo vya chakula.

Ndoo yako haikutengenezwa hivyo. Igeuze uone. Katikati ya kitako utaona kichunusi kidogo. Hapo ndipo plastiki iliyoyeyuka iliingilia, ikisukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu mbili za chuma zilizofungwa pamoja. Kalibu za namna hiyo ni ghali sana. Kikombe cha mtindi hakina kichunusi. Kalibu yake ni ya upande mmoja, mara nyingi ya aluminiamu, na bei yake ni nafuu. Ndiyo maana kikombe ni rahisi kuliko ndoo. Lakini ndiyo maana pia kikombe hupasuka pembeni mwa kitako. Bamba lilivutwa zaidi pale, likawa jembamba.

Kuna jambo jingine linalopunguza gharama. Vikombe hivi huingiana, kimoja ndani ya kingine. Mfuko mmoja hubeba mamia. Ukijaribu kusafirisha mitungi namna hiyo utaona tofauti.

KWA NINI BEI INAPANDA?

Wengi wetu bei ikipanda tunamlaumu mwenye duka. Mara nyingine tuna haki! Lakini tuifuate safari ya kikombe tangu mwanzo.

Punje za plastiki hutokana na mafuta ya petroli na gesi asilia. Tanzania ina gesi, lakini haina kiwanda kinachoigeuza gesi hiyo kuwa punje za plastiki. Viwanda vyetu hununua punje au mabamba kutoka nje, na hulipa kwa dola. Mzigo huja kwa meli. Ukifika Dar es Salaam, bado kuna zaidi ya kilometa 1,000 za barabara mpaka Mwanza, na lori linakunywa dizeli.

Kwa hiyo mambo matatu hupandisha bei ya kikombe: mafuta, dola na safari. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, pipa moja la mafuta lilipita dola 100. Mwaka 2023 dola zilikuwa adimu hapa nchini. Mwishoni mwa mwaka huo huo meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na nyingi zikaamua kuzunguka kusini mwa Afrika. Safari ikawa ndefu, nauli ya mizigo ikapanda. Muuza mtindi wa Misungwi hakuhusika na lolote kati ya hayo.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za kwako.

Tuseme mama mmoja anauza lita 20 za mtindi kwa siku. Kila kikombe ni robo lita. Anahitaji vikombe 80. Kikombe na kifuniko chake ni shilingi 100. Kwa siku analipa shilingi 8,000. Bei ikipanda hadi shilingi 130, atalipa shilingi 10,400. Zimeongezeka shilingi 2,400 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 62,400. Fedha hizo zilikuwa faida yake.

Afanyeje? Akipandisha bei ya mtindi, wateja watakimbia. Akipunguza mtindi, wateja wataona, maana kikombe ni angavu. Lakini yako mambo mengine. Tuseme anawaambia wateja wake wa karibu, "Njoo na kikombe chako, nitakupunguzia shilingi 50." Wateja 30 wakikubali, ataokoa vikombe 30, yaani shilingi 3,900. Atakuwa amewapunguzia shilingi 1,500. Zinabaki shilingi 2,400. Ile hasara imerudi yote.

Njia hiyo inafaa kwa majirani. Haifai kwa abiria. Abiria hana kikombe. Wauzaji wa Kigongo wanajua jambo hili. Walizoea kuuza chakula kwa watu waliosubiri kivuko cha kwenda Busisi. Juni 2025 daraja likafunguliwa, na magari sasa yanapita bila kusubiri. Mteja wa vyombo vya kutupa alikuwa ni yule aliyekaa kwenye foleni. Soko la chombo hufuata miguu ya watu.

Njia nyingine ni kununua kwa pamoja. Vikombe huuzwa kwa bei nafuu zaidi ukichukua maboksi mengi. Wauzaji watano wakichanga fedha, wanaweza kununua bei ya jumla mjini. Vikombe haviozi. Ila viwekeni mbali na panya na jua. Pia SIDO ina ofisi Mwanza, na kazi yake ni kusaidia wenye viwanda vidogo. Nendeni mkaulize kuhusu vifungashio kabla hamjatoa fedha.

TAZAMA NAMBA ILIYO KITAKONI

Geuza kikombe. Vyombo vingi vina alama ya pembetatu ya mishale, na ndani yake kuna namba kuanzia 1 hadi 7. Namba hiyo haionyeshi ubora wala haisemi chombo ni salama. Inataja aina ya plastiki tu. Kwetu sisi, namba tatu ni za kujua zaidi.

Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji. Vikombe na maboksi yake huwa angavu kama kioo. Ukimimina uji wa moto ndani yake, hulegea na kujikunja. Wauze juisi na matunda humo, lakini si uji.

Namba 5 huvumilia joto. Maji yanayochemka hayaiyeyushi. Hii ndiyo inayofaa zaidi kwa chai, uji na mchuzi.

Namba 6 ni rahisi na nyepesi. Ukiikunja inakatika kwa mlio. Maboksi meupe yaliyo kama povu pia ni namba 6, ila yametiwa hewa ndani. Plastiki hii hutengenezwa kwa kemikali iitwayo stairini. Mwaka 2018 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka stairini katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli kwamba boksi si stairini tupu. Lakini chakula cha moto chenye mafuta huweza kuchukua kidogo kutoka kwenye boksi. Samaki aliyetoka sasa hivi kwenye karai na aachwe apoe kwanza.

Na kama chombo hakina namba? Kata kipande kidogo, kikandamize ndani ya maji ya kisima, kisha kiachie. Namba 5 huelea. Namba 1 huzama. Namba 6 isiyo na povu huzama pia. Mtoto wa shule anaweza kukufanyia jaribio hili, naye atafurahi.

Tafadhali, usiwashie moto wa jiko kwa vyombo hivi. Najua vinashika haraka kuliko nyasi kavu. Lakini moshi wake mweusi unaingia kifuani mwako na mwa mtoto uliyembeba mgongoni.

SOKO LINAELEKEA WAPI?

Mwaka 1950 dunia ilitengeneza tani milioni 2 hivi za plastiki. Mwaka 2022 ilitengeneza tani milioni 400 hivi. Karibu theluthi moja ni vifungashio, vitu vya kutumia mara moja. Watu wakihamia mjini hununua chakula kilichofungashwa, na miji yetu inakua. Kwa hiyo biashara ya vikombe na trei haijaonyesha dalili ya kupungua.

Lakini serikali nyingi zimeanza kuibana. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017. Hapa Tanzania Bara marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019. Unakumbuka jinsi rambo zilivyotoweka sokoni? Sheria ile ilihusu mifuko ya kubebea. Haikugusa kikombe cha mtindi wala pakiti ya dawa. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbele zaidi. Tangu Julai 2021 umekataza sahani za plastiki za kutupa, na maboksi ya chakula yaliyo kama povu. Mwezi Machi 2022, mataifa yalikutana Nairobi yakakubali kuandika mkataba wa dunia juu ya plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila mapatano, kwa sababu nchi zenye mafuta na nchi nyingine hazikukubaliana kama utengenezaji wenyewe upunguzwe.

Jambo hilo linaonekana kuwa mbali. Lakini kiwanda kinapoona namba 6 inakataliwa Ulaya, hubadili mashine zake kwa ajili ya namba 1, namba 5 au karatasi. Asiyebadili hutafuta mahali pa kuuza mzigo wake wa zamani. Mahali hapo panaweza kuwa kwetu. Ukiona maboksi ya povu yanashuka bei ghafla, jiulize yametoka wapi.

Kuna soko jingine, la mabaki. Vijana wanaookota makopo huuza chupa za namba 1 kwa kilo. Chupa husagwa na kuuzwa viwandani. Lakini mafuta yakishuka bei, punje mpya huwa rahisi, na kiwanda hakina haja ya chupa za zamani. Ndipo mwokota makopo anapoambiwa, "Leo bei imeshuka." Vikombe vya namba 6 havina mnunuzi. Ni vyepesi mno. Utaokota siku nzima usijaze kilo chache. Kwa hiyo vinabaki palipotupwa.

Na mvua ikinyesha? Nenda kando ya Mto Mirongo baada ya mvua kubwa uone unachobeba kupeleka ziwani. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa samaki walionunuliwa sokoni hapa Mwanza. Walichukua sangara 20 na sato 20, wakapima yaliyomo matumboni. Kwa kila aina, samaki mmoja katika kila watano alithibitika kuwa na vipande vya plastiki. Baadhi vilikuwa vidogo hata jicho lisivione vizuri. Sangara na sato tunawatoa matumbo kabla ya kupika. Dagaa tunamla mzima, na uchunguzi ule haukumhusu dagaa.

Mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba hupeleka samaki wakavu mpaka Kongo. Mnunuzi wake wa kesho anaweza kuuliza swali ambalo wa jana hakuuliza: samaki huyu ametoka katika maji ya namna gani? Mnunuzi wa minofu kule Ulaya ameshazoea kuuliza maswali ya namna hiyo, na jibu lake ndilo linalopanga bei ya sangara pale mwaloni.

Leo jioni geuza vyombo vya nyumbani mwako, kimoja kimoja. Andika kwenye daftari lako namba unazozikuta. Kisha andika bei uliyonunulia kikombe kimoja cha kuuzia, na tarehe. Mwezi ujao andika tena.