Bahati Ilikuwa Stoo Miaka Miwili, Nami Naifuta Vumbi

 

Tangu nifungue fremu yangu ya ushonaji hapa Tanga, kuna neno moja nalisikia kila wiki: "Mwenzetu una bahati. Ulipata bosi mzuri, akakupa mpaka cherehani." Ni kweli nilipewa. Lakini wanaosema hivyo hawajui habari yote, na leo nataka niisimulie, hasa kwako dada uliyeko jikoni kwa watu, na kwako kaka uliyeko saiti juani.

Mkataba wa kwanza: nilikuwa nahesabu siku

Nilikwenda Muscat kwa mkataba wa miaka miwili, mshahara riyali 80. Nyuma ya mlango wa kabati nilibandika kalenda. Kila usiku kabla ya kulala nachora mstari mmoja. Leo imeisha, bado siku kadhaa.

Mshahara ukitoka nabakiza riyali tano za bando na sabuni, zilizobaki zote natuma. Ada ya shule, mgonjwa, bati la jikoni, harusi ya binamu. Sikuwahi kusema hapana hata mara moja. Niliporudi nyumbani nilikuwa na mablanketi mawili, manukato, na zawadi za watu. Wiki ya tatu nilimkopa mdogo wangu nauli ya daladala. Miezi mitatu baadaye nikapanda ndege tena, kurudi nyumba ileile.

Sasa sikilizeni. Katika nyumba ile kulikuwa na stoo karibu na pa kufulia. Ndani ya stoo kulikuwa na cherehani ya umeme, nzima kabisa. Kila Alhamisi nilifagia mle ndani na kuifuta vumbi. Miaka miwili yote sikuuliza ni ya nani. Kichwani mwangu nilikuja kuosha vyombo na kulea watoto, basi. Cherehani inanihusu nini?

Macho yanayohesabu hayaoni

Wahenga walisema riziki kama ajali, huitambui ijapo. Yuko mwanasaikolojia wa Uingereza, Richard Wiseman wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, aliyechunguza jambo hilihili kwa njia yake, na mwaka 2003 akatoa kitabu juu ya bahati. Aliwachukua watu wanaojiona wana bahati na wanaojiona wana mkosi, akawapa gazeti, akawaambia: hesabuni picha zilizomo. Ndani ya gazeti hilo alikuwa ameweka tangazo la nusu ukurasa, kwa maandishi makubwa, linalotaja idadi ya picha na kumwambia msomaji aache kuhesabu. Waliojiona na mkosi wengi wao walilipita. Waliojiona na bahati wengi wao waliliona.

Tangazo halikufichwa. Ila mtu akishikwa sana na kuhesabu, macho yake hayana nafasi ya kitu kingine. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka kalenda yangu ya kabatini.

Nilipouliza

Mkataba wa pili sikubandika kalenda. Mwezi wa kwanza tu nilimuuliza bosi wangu, "Mama, ile cherehani ya stoo ni ya nani?" Akasema ni ya dada yake, aliiacha siku nyingi. "Unajua kushona?" Nikamwambia, "Sijui mama, ila natamani kujua." Alicheka, akaendelea na simu yake. Nikajua yameishia hapo.

Baada ya majuma mawili dada yake alikuja Ijumaa kwenye chakula cha familia. Wakati wanakunywa kahawa aliniita, akanionyesha namna ya kupitisha uzi. Somo lenyewe halikufika nusu saa. Kuanzia hapo nikawa nakunja pindo za mapazia, narekebisha nguo za kulalia za watoto. Kanga yangu nzuri ya kwanza niliiharibu. Mwezi wa tano nikaweza kushona dera la kuvaliwa na mtu bila aibu. Mkataba ulipokwisha, yule dada akasema, "Ondoka nayo, hapa inaota kutu."

Hiyo ndiyo bahati yangu. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza niliyoingia nyumba ile, ikisubiri swali moja.

Najua si kila nyumba iko hivyo. Ziko nyumba ukiuliza utafokewa. Mimi mwenyewe niliuliza mambo matatu manne, likajibiwa hili moja. Lakini asiyeuliza hajibiwi hata moja.

Riyali 10 zilizonigombanisha na ndugu

Ufundi peke yake usingetosha. Katika mkataba huo wa pili niliamua riyali 10 kila mwezi zisiguswe. Nilizituma kwenye akaunti ya benki yenye jina langu mwenyewe, niliyoifungua kabla ya kuondoka. Kadi niliondoka nayo. Hakuna aliyeweza kutoa ila mimi.

Hili lilikuwa gumu kuliko kujifunza kushona. Nilipomwambia mama kwamba sasa natuma kiasi kilekile kila mwezi na hakizidi, alinyamaza kwenye simu. Dada yangu mkubwa alisema Uarabuni kumenipa kiburi. Miezi miwili hakupokea simu zangu. Nililia, siwafichi. Ila sikurudi nyuma, kwa sababu nilikumbuka ile nauli ya daladala.

Riyali 10 kwa miezi 24 ni riyali 240. Riyali ya Oman imefungwa kwenye dola, moja ni kama dola 2.6, kwa hiyo hizo ni dola 624 hivi. Kwa shilingi zetu zilikuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Si utajiri. Lakini niliporudi nilisikia kuna fremu barabarani, kodi shilingi 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Aliyeiona kabla yangu alikuwa ameomba wiki mbili akatafute pesa. Mimi nililipa 300,000 siku ileile. Watu wakasema, "Ona bahati yake!"

Mfano mwingine wanaujua Wakenya wenzetu. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ikashuka hadi 130 hivi. Dola 200 zilizokuwa sawa na shilingi 32,000 zikawa 26,000. Aliyekuwa Saudia, Qatar au Dubai na akiba mkononi, tena akijua anataka kulipia nini nyumbani, alinufaika mwezi ule. Si kwamba alitabiri. Ni kwamba alikuwa nacho cha kubadilisha. Asiye na akiba mlango ulifunguka na kufungwa mbele yake.

Kwa ndugu zangu wa saiti

Mdogo wangu yuko Doha. Alianza saidia fundi, kubeba saruji na mchanga. Wakati wa mapumziko alikuwa anakaa karibu na mafundi marumaru, anaokota vipande vilivyovunjika na kujaribu kuvipanga sawa juu ya mchanga. Wenzake walimcheka, wakamwita injinia wa vigae. Karibu mwaka mzima hakuna aliyemjali. Siku moja fundi mmoja akaugua, bafu lazima liishe jioni, msimamizi akauliza nani anaweza. Akanyoosha mkono. Leo ni fundi, na mshahara umepanda.

Qatar tangu 2020 mfanyakazi anaweza kubadili kazi bila kuomba ruhusa ya mwajiri, ilimradi atoe notisi kama sheria inavyotaka. Ni nafasi kubwa, lakini inamfaa zaidi mwenye ufundi wa kuonyesha. Na wewe uliyeko kampuni binafsi Falme za Kiarabu, ukitimiza mwaka mmoja una haki ya malipo ya mwisho wa kazi: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, katika miaka mitano ya kwanza. Tunza nakala ya mkataba wako na hati za mshahara, uzipige picha. Wengine hukosa haki yao kwa kukosa karatasi tu, kisha husema hawana bahati.

Uvumilivu si kuteswa

Hapa naomba tuelewane. Nikisema vumilia, nasema vumilia kujifunza, vumilia kuchekwa, vumilia kuweka kidogo kidogo. Sisemi vumilia kupigwa, kunyimwa chakula, au kukaa miezi bila mshahara. Hayo hayana mbivu mbele yake. Tafuta ubalozi, tafuta ofisi iliyokupeleka, mjulishe ndugu unayemwamini mahali ulipo. Na aliyeangukia mikono mibaya asiambiwe kwamba hakujituma. Wako waliojiandaa vizuri kuliko mimi na bado yakawakuta. Hilo si kosa lao.

Bahati ya kuletewa kwenye simu

Jihadhari pia na bahati bandia. "Umeshinda, tuma ada ya kutolea zawadi." "Weka dola 100, wiki ijayo chukua 300." Watanzania wa umri wangu tunaikumbuka DECI. Watu walipanda mbegu, wakaambiwa watavuna mara dufu. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na wengi pesa zao zikaishia huko. Biashara inayokuomba uharakishe na usimwambie mtu, iache ipite.

Fanya haya wiki hii

Kwanza, tazama nyumba au saiti uliyopo kana kwamba umeingia leo. Kuna kifaa gani, kuna mtu gani anajua kitu usichokijua? Muulize swali moja, kwa adabu, wakati ametulia.

Pili, kama huna akaunti yenye jina lako, uliza benki yako ya nyumbani jinsi ya kuifungua ukiwa huko huko. Anza na kiasi ambacho hutakiona pengo lake, hata kama ni riyali mbili.

Tatu, waambie nyumbani kiasi utakachotuma kila mwezi, na ukishike hichohicho. Watanuna. Dada yangu alinuna miezi miwili. Siku hizi yeye ndiye ananikatia vitambaa dukani, na kila Jumamosi namlipa.

Kazi njema, na Mungu awalinde mlipo.