Mtoto Mchanga Alale Chali

Wajawazito wengi huamini kwamba mtoto mchanga akilazwa chali atapaliwa na matapishi. Kwa hiyo huazimia kumlaza kwa ubavu au kifudifudi. Hofu hiyo yatokana na mapenzi, lakini maumbile yaonyesha kinyume chake. Mtoto alalapo chali, njia ya hewa huwa juu ya umio. Maziwa yaliyocheuliwa hayapandi humo kwa urahisi, naye huyameza tena. Alalapo kifudifudi, umio ndio huwa juu. Kampeni za kuwalaza watoto chali zilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994. Vifo vya ghafula vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Basi mtoto na alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, pasipo mito.