Kidonge cha naftalini kinaenda wapi?

Mwanzo wa mwaka mwanafunzi wa interna anafika na sanduku lake, na ndani mama ameisha kuweka vidonge vyeupe vya naftalini vifukuze mende na nondo. Kufika Pasaka kidonge kimebaki kama punje ya mahindi. Hakuna aliyekila. Kimeenda wapi?

Molekuli ya naftalini, C10H8, iko bapa kama sahani: pete mbili za kaboni zilizoshikamana. Mu kristali molekuli hizo hazilali zote upande mmoja, zinainamiana safu kwa safu kama ukindu wa mkeka. William Bragg alizichunguza kwa mionzi X huko Uingereza, mwaka 1921. Sasa, kila molekuli iko imara yenyewe, lakini inashikana na jirani yake kidogo tu. Ndiyo sababu zile za inje zinaachana na wenzao na kuruka kama mvuke, pasipo kuyeyuka kwanza. Ile harufu tunayosikiaka ni zenyewe.

Lakini vidonge vingine si naftalini, ni paradiklorobenzeni, na hii iko na mambo! Chini ya 31° hivi molekuli zake zinapangwa namna moja, inaitwa alfa. Juu yake zinaweza kujipanga namna ingine, beta, na kidonge kiko kigumu bado; kinayeyuka kwa 53° tu. (Kuna ya tatu, gama, lakini inataka baridi ya barafu.) Basi kidonge kilichokaa alfa kule milimani Masisi, kikishuka Walikale na kuachwa mu sanduku la chuma juani, kinaweza kugeuka beta, na macho yako hayataona kitu. Hata bati, ile inayotoka mu kasiteriti ya Bisie, ina tabia hiyo: chini ya 13° inaweza kugeuka unga wa kijivu, ila polepole sana.

Kuvitambua ni rahisi. Tia chumvi mu maji mpaka ikatae kuyeyuka. Naftalini itaelea, ingine itazama. Fanyia inje, na usijaribu kwa moto, vinawaka.

Tena jambo hili mupelekee mama nyumbani. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa anzimu G6PD, na penye malaria ni wengi. Mvuke wa naftalini unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao. Mtoto muchanga akifunikwa na blanketi iliyokaa na vidonge hivyo, macho yanaweza kuwa ya manjano na hali ikawa mbaya sana. Nguo zake zikae mu sanduku ingine.